Kope Zinapolegea Jioni: Tezi ya Kifuani na Uvimbe Unaoipotosha Kinga

Kama umewahi kuchuna mwanambuzi au ndama, tayari umekutana nayo. Ukishapasua kifua, juu kidogo ya moyo na kupanda kuelekea shingoni, kuna kinyama laini, cheupe chenye wekundu wa mbali, kimegawanyika sehemu mbili. Kwa mbuzi mzee hukioni tena, unakuta mafuta tu. Wengi wetu tunakikata na kukitupia kwenye sufuria bila kujiuliza kilikuwa kinafanya kazi gani.

Hiyo ni tezi ya thaimasi, na wewe unayo pia, nyuma ya mfupa wa kidari. Ulipokuwa mtoto ilikuwa kubwa. Ulipobalehe ikaanza kunywea, na kadiri unavyozidi umri ndivyo mafuta yanavyochukua nafasi yake. Leo tunaizungumzia kwa sababu uvimbe ukiota kwenye tezi hii ndogo, mtu anaweza kushindwa kufumbua macho, kutafuna, na hata kupumua. Uvimbe uko kifuani, shida inaonekana usoni. Hilo si jambo la kawaida, na ndilo linalofanya wagonjwa wengi wazunguke muda mrefu kabla ya kujua wanaumwa nini.

Tuchukue mfano. Mama mmoja wa Bugwema, kule Musoma Vijijini. Nimemtunga, lakini kila dalili nitakayompa ni ya kweli na madaktari wanaijua. Asubuhi anaamka mzima, anakwenda shamba bondeni, analima. Kufika mchana, kope la jicho la kushoto limeshuka. Akitazama mbali anaona mbuzi wawili wakati yuko mmoja. Jioni anakula ugali, taya linachoka kabla tumbo halijashiba, inabidi alishikilie kidevu kwa mkono. Akiongea sana sauti inaanza kutokea puani. Analala, asubuhi yuko sawa. Kesho yake hivyo hivyo.

Sasa, nyumbani watasema nini? Mmoja atasema malaria. Mwingine macho, atafutiwe miwani. Wa tatu atasema mama anajilegeza, mbona asubuhi alikuwa analima vizuri tu? Na wa nne, unamjua, atasema mama karogwa, maana ugonjwa gani huo unaokuja jioni na kuondoka alfajiri?

Upo ugonjwa wa namna hiyo. Unaitwa miasthenia gravis. Ili tuuelewe, inabidi turudi kwanza kwenye ile tezi.

Kambi ya mafunzo kifuani

Mwili wako una askari wengi, na kati ya muhimu kabisa ni chembe nyeupe za damu zinazoitwa seli T. Zinazaliwa kwenye uboho wa mifupa, lakini zikizaliwa hazijui lolote. Hazijui adui ni nani wala mwenyeji ni nani. Ndipo zinasafiri kwenda kwenye thaimasi kusoma. Hiyo T yenyewe imetokana na jina la tezi hii.

Kwa watu wa Mara, fikiria kambi ya JKT kama Rwamkoma kule Butiama. Vijana wanaingia kwa maelfu, na katika kambi hii ya mfano wetu wanapewa mitihani miwili.

Mtihani wa kwanza: je, unaweza kusoma kitambulisho? Kila seli ya mwili hubandika juu yake vipande vidogo vya protini ilizo nazo ndani, kama mtu anayetembea na kitambulisho kifuani. Seli T isiyoweza kukisoma haina kazi. Inakufa.

Mtihani wa pili ni mgumu zaidi: je, utampiga mwananchi? Hapo seli T inaoneshwa vipande vya mwili wenyewe. Ikikasirika na kutaka kushambulia, inauawa palepale, au inapewa kazi nyingine ya kuwatuliza wenzake.

Utauliza, thaimasi iko kifuani, itaonyeshaje vipande vya kongosho, vya jicho au vya ini? Swali zuri. Ndani ya thaimasi kuna seli maalumu zinazotumia jeni inayoitwa AIRE. Kazi ya jeni hii ni kuziruhusu seli hizo zitengeneze kidogo kidogo protini za viungo vingine vya mwili, kama kitabu cha picha chenye sura za wanakijiji wote: mvuvi, mkulima, mwalimu, mama ntilie. Kuruta anafunguliwa kurasa zote kabla hajapewa bunduki. Jeni hii ilitambuliwa mwaka 1997, baada ya wanasayansi kuchunguza familia ambazo watoto wao walikuwa wanashambuliwa na kinga yao wenyewe kwenye tezi mbalimbali. Kitabu chao cha picha kilikuwa na kasoro tangu kuzaliwa.

Mitihani hii ni mikali mno. Zaidi ya asilimia 95 ya seli zinazoingia kwenye thaimasi hazitoki hai. Ni hasara kubwa, lakini mwili uko tayari kuilipa, maana askari mmoja anayepiga wenyeji ni hatari kuliko kuwa na askari wachache.

Tezi iliyodharauliwa

Cha kushangaza, haya yote yamejulikana juzi tu. Mpaka miaka ya 1950 wanasayansi wengi waliamini thaimasi haina maana yoyote kwa mtu mzima, ni makaburi tu ya chembe zilizokufa. Kabla ya hapo baadhi ya madaktari wa Ulaya na Marekani walidhani thaimasi kubwa ya mtoto ni ugonjwa, wakaipiga mionzi ili isinyae. Miaka mingi baadaye baadhi ya watoto hao walipata saratani ya tezi ya shingo.

Aliyebadilisha mambo ni Jacques Miller, kijana wa miaka 30 aliyekuwa akifanya utafiti London. Mwaka 1961 alichapisha matokeo ya jaribio moja rahisi kulieleza: alitoa thaimasi ya vipanya siku walipozaliwa. Vipanya wale walikua wakiwa dhaifu, wakawa na seli nyeupe chache, wakafa kwa maambukizi madogo madogo. Hata alipowapandikiza ngozi ya panya wengine, miili yao haikuikataa. Kinga haikuwepo. Ikajulikana kwamba makaburi yale kumbe yalikuwa shule.

Baadaye, kule Japani, Shimon Sakaguchi alifuatilia jambo lingine la ajabu: kipanya akitolewa thaimasi siku ya tatu baada ya kuzaliwa, badala ya kukosa kinga, kinga yake inaanza kumshambulia mwenyewe. Maana yake ni kwamba thaimasi hutoa pia askari wa kutuliza wenzao, na hao huchelewa kidogo kutoka kambini. Kazi hiyo ilimpatia Sakaguchi, pamoja na Mary Brunkow na Fred Ramsdell wa Marekani, Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2025.

Uvimbe unapoota shuleni

Sasa tuje kwenye uvimbe. Uvimbe wa kawaida zaidi wa thaimasi kwa watu wazima unaitwa thaimoma. Unaanzia kwenye zile seli za kufundishia, yaani walimu, si wanafunzi. Walimu wanaanza kuongezeka bila mpangilio.

Ni ugonjwa wa nadra sana. Katika nchi zenye takwimu nzuri, kila mwaka hugundulika takribani mtu mmoja au wawili katika kila watu milioni moja. Mara nyingi hukua polepole. Wengine hupata kikohozi, kifua kubana au uso kuvimba kwa sababu uvimbe unakandamiza mishipa mikubwa ya damu. Wengine hawana dalili yoyote, unaonekana kwa bahati mtu akipigwa picha ya kifua kwa sababu nyingine. Wataalamu wanaugawa katika aina za A, AB, B1, B2 na B3, na pembeni ipo saratani kamili ya thaimasi ambayo ni kali zaidi. Hata ile inayokua polepole, ikiachwa inaweza kusambaa kwenye ngozi ya pafu na ya moyo, kwa hiyo usidanganyike na hiyo polepole.

Lakini kinachoitofautisha thaimoma na uvimbe mwingine wowote ni hiki: kati ya wagonjwa 100 wenye thaimoma, kama 30 hadi 40 wana miasthenia gravis. Na ukigeuza, kati ya wagonjwa 100 wa miasthenia, 10 hadi 15 wana thaimoma. Hakuna uvimbe mwingine wa binadamu unaoambatana na magonjwa ya kinga kwa kiwango hiki.

Umeme, fira na domodomo

Ili mkono wako uinuke, neva inayotoka kwenye uti wa mgongo inafika mpaka karibu na msuli, lakini haiugusi. Kuna upenyo mdogo sana katikati. Neva inamwaga kemikali iitwayo asetilikolini, kemikali inavuka, inatua kwenye vipokezi vilivyo juu ya msuli, msuli unajikunja. Kazi ikiisha, kimeng'enya maalumu kinaivunja kemikali ile ili msuli ulegee.

Kwa mgonjwa wa miasthenia, kinga imetengeneza kingamwili zinazoshambulia vipokezi hivyo. Vinazibwa, vinaharibiwa, vinapungua. Asubuhi, baada ya mapumziko, neva ina akiba ya kutosha na vipokezi vichache vilivyobaki vinamudu. Ukiendelea kuutumia msuli, kila mwito wa neva unatoa kemikali pungufu kuliko uliotangulia. Mtu mzima wa afya hagundui, maana ana vipokezi vya ziada. Mgonjwa hana ziada. Ndiyo siri ya ugonjwa kuja jioni.

Mtu aliyegongwa na fira anaweza kupata dalili zinazofanana: kope zinashuka, ulimi unakuwa mzito, kisha pumzi inakata. Si ajabu. Sumu ya fira ina protini zinazoziba vipokezi vilevile. Tofauti ni kwamba fira anafanya kwa saa chache, kingamwili zinafanya kwa miezi na miaka.

Ushahidi ulipatikanaje? Mwaka 1960 daktari John Simpson wa Scotland alipendekeza kwamba ugonjwa huu unaletwa na kinga kuushambulia mwili, lakini hakuwa na uthibitisho wa maabara. Uthibitisho ukaja kwa njia ya samaki. Ziwani kwetu tuna domodomo, samaki mwenye domo refu anayetoa umeme hafifu kwa kutumia misuli iliyogeuka kuwa kama betri mkiani. Amerika Kusini wanaye ndugu yake wa kazi, mkunga wa umeme, ambaye umeme wake ni mkali kweli, na betri zake zimejaa vipokezi vya asetilikolini. Mwaka 1973, Jim Patrick na Jon Lindstrom wa California walichukua vipokezi vya mkunga huyo, wakawadunga sungura ili watengeneze kingamwili. Walichotaka ni kingamwili tu za kutumia maabara. Sungura wakalegea, wakashindwa kuinua vichwa. Walipopewa dawa ya miasthenia, wakainuka kwa muda. Ugonjwa ulikuwa umetengenezwa mbele ya macho yao.

Ushahidi mwingine uko wodi ya wazazi. Baadhi ya watoto wa mama wenye miasthenia huzaliwa wamelegea, wananyonya kwa shida. Kingamwili za mama zimepita kwenye kondo la nyuma. Baada ya wiki kadhaa zinaisha mwilini mwa mtoto, naye anapona kabisa. Mtoto mwenyewe hakuwa na ugonjwa, alikopeshwa tu.

Kwa nini uvimbe wa mwalimu unaharibu askari?

Hapa ndipo utafiti wa sasa ulipo, na kusema kweli ndipo panapovutia zaidi.

Uvimbe wa thaimoma haujaacha kufundisha. Ni shule iliyopanuka ovyo: bado inapokea wanafunzi na bado inawatoa. Ila mitihani imevurugika. Katika thaimoma nyingi ile jeni ya AIRE haifanyi kazi, yaani kitabu cha picha kimechanwa. Sehemu ya ndani ya tezi, ambako mtihani wa pili hufanyika, haipo au imevurugika. Na askari wa kutuliza wenzao hawatengenezwi vya kutosha. Seli T zinahitimu na bunduki, lakini hazijawahi kuoneshwa sura ya jirani.

Kuna na la pili. Mwaka 2018 kundi kubwa la watafiti lilichapisha uchambuzi wa vinasaba vya uvimbe 117 wa thaimasi. Waliona mambo mawili. Kwanza, thaimoma ina mabadiliko machache sana ya vinasaba ukilinganisha na saratani nyingine za watu wazima. Pili, uvimbe wa wagonjwa wenye miasthenia ulikuwa unatengeneza kwa wingi protini zinazofanana na zile za misuli na neva ambazo kinga huzishambulia. Mwaka 2022 watafiti wa Japani, wakichunguza seli moja moja, wakakuta ndani ya uvimbe wa namna hiyo kundi la seli zenye sura ya misuli na neva kwa pamoja.

Unaona picha inavyojengeka? Shule haina mtihani wa kuzuia kupiga wenyeji, na papo hapo ukutani imebandika picha za msuli katika mazingira yanayosema "huyu ni adui". Seli T zinatoka zikiwa zimeshachokozwa. Zinakwenda kuziamsha seli B, na seli B ndizo zinazotengeneza kingamwili.

Si misuli peke yake

Miasthenia ndiyo maarufu, lakini orodha ni ndefu. Wagonjwa wachache wa thaimoma, labda watano katika mia, uboho wao unaacha kutengeneza chembe nyekundu za damu. Damu inapungua, wanaongezewa, inapungua tena. Kwetu ambako upungufu wa damu una sababu nyingi, kuanzia malaria, minyoo hadi selimundu, ni rahisi kulikosa hili. Wengine, kama alivyoeleza Robert Good wa Marekani mwaka 1954, wanakosa kingamwili za kawaida na wanaandamwa na maambukizi ya kifua na kuharisha. Wengine misuli yao inachezacheza bila kutulia, wengine ubongo unashambuliwa, wanachanganyikiwa.

Na kuna lile la kingamwili zinazoshambulia silaha za kinga yenyewe. Wagonjwa wengi wa thaimoma wana kingamwili dhidi ya intaferoni, kemikali ambayo mwili huitumia kupiga kengele virusi vinapoingia. Kwa miaka mingi jambo hili lilionekana kama la kitabuni tu. Ikaja Uviko-19. Mwaka 2020 timu ya Jean-Laurent Casanova iliripoti kwamba karibu mmoja katika kila wagonjwa kumi waliozidiwa sana na Uviko alikuwa na kingamwili za aina hiyohiyo, bila wenyewe kujua. Kwa hiyo aliyekuwa anachunguza ugonjwa wa mtu mmoja katika milioni alisaidia kueleza kwa nini watu wengi walikufa. Ukisikia mtu anauliza faida ya kutafiti magonjwa ya nadra, mpe mfano huo.

Na huku kwetu?

Usidhani haya ni magonjwa ya Wazungu. Mwaka 2001, Profesa William Matuja na wenzake wa Muhimbili walichapisha kwenye jarida la East African Medical Journal utafiti wa wagonjwa wa miasthenia jijini Dar es Salaam. Dkt. William Howlett, aliyefanya kazi miaka mingi KCMC Moshi, ameueleza katika kitabu chake cha magonjwa ya mfumo wa neva Afrika, kilichotolewa mwaka 2012 na kinachopatikana bure. Na kule Cape Town, Profesa Jeannine Heckmann na timu yake wameonyesha jambo ambalo vitabu vya Ulaya havikulisisitiza: baadhi ya vijana wenye asili ya Kiafrika hubaki na misuli ya macho iliyoganda hata pale mwili mwingine unapopata nafuu. Kwa hiyo kutafiti kwetu wenyewe si anasa. Yapo mambo ambayo usipoyatafuta kwa watu wako, hakuna atakayekuletea.

Na kuna jambo linalotuhusu sisi wa Kanda ya Ziwa moja kwa moja: dawa. Kwinini huzidisha ulegevu wa miasthenia. Klorokwini nayo inaweza kufanya hivyo. Zamani kwinini ilikuwa dawa ya kwanza ya malaria kali. Leo Tanzania inatumia artesuneti ya sindano kwa malaria kali, na dawa mseto kwa malaria ya kawaida tangu mwaka 2006, lakini kwinini haijatoweka kabisa. Hebu mrudie mama yetu wa Bugwema. Kope zimeshuka, amechoka, mtu anasema malaria bila kupima, anapewa kwinini. Mama anazidiwa. Wanasema malaria imepanda kichwani, anaongezewa. Hapo anaweza kushindwa kupumua.

Si kwinini pekee. Antibayotiki kama jentamaisini, siprofloksasini, eritromaisini na azithromaisini zinaweza kuleta shida ileile. Magnesiamu salfeti, sindano inayookoa maisha ya wajawazito wenye kifafa cha mimba, inaweza kumzimia pumzi mjamzito mwenye miasthenia. Hii haina maana kwamba dawa hizi ni mbaya, la hasha. Wala haina maana kwamba mgonjwa asitibiwe malaria, maana homa yenyewe inaweza kumzidishia. Maana yake ni kwamba mhudumu wa zahanati na wa kliniki ya wajawazito lazima ajue mgonjwa wake ana miasthenia kabla ya kuchagua dawa.

Barafu ya samaki

Kuna kipimo kimoja cha ajabu kwa urahisi wake. Kama kope limeshuka, funga barafu kwenye kitambaa safi, weka juu ya kope lililofumbwa kwa dakika mbili hivi, kisha tazama. Kwa wagonjwa wengi wa miasthenia, kope linainuka kwa muda mfupi. Baridi inakipunguzia kasi kile kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, hivyo kemikali inakaa muda mrefu zaidi kwenye msuli. Pale mwaloni, ambako barafu ya kuhifadhia sangara haikosekani, hiki si kipimo cha gharama.

Lakini nisikilize vizuri: barafu haithibitishi ugonjwa na haitibu. Inakupa tu sababu ya kusema kwa sauti kubwa zaidi ukifika hospitali. Kope kushuka kunaweza kutokana na mambo mengine, yakiwemo ya dharura, hasa likishuka ghafla pamoja na kichwa kuuma vikali au upande mmoja wa mwili kulegea. Hapo usisubiri barafu.

Hospitalini, daktari atamwambia mgonjwa atazame juu kwa dakika moja bila kushusha macho, au ahesabu kwa sauti mpaka hamsini, aone kama msuli unachoka. Kipo kipimo cha damu cha kutafuta kingamwili, ingawa hakipatikani kila mahali. Na kila anayethibitika kuwa na miasthenia anatakiwa apigwe CT scan ya kifua ili thaimasi itazamwe. Eksirei ya kawaida inaweza kuukosa uvimbe mdogo. Mashine za CT scan sasa zimefika katika hospitali nyingi za rufaa za mikoa, na kwa Kanda ya Ziwa rufaa kubwa iko Bugando, Mwanza.

Kuing'oa au kuiacha?

Dawa zipo. Dkt. Mary Walker, akiwa katika hospitali ya kawaida kabisa ya Greenwich, London, aligundua mwaka 1934 kwamba dawa ya kuzuia kile kimeng'enya humwinua mgonjwa. Dawa ya leo ya piridostigmini inafuata wazo lilelile. Zipo pia prednisoloni na azathioprini za kutuliza kinga, ambazo zinahitaji usimamizi wa karibu, kwa sababu prednisoloni inaweza kumlegeza mgonjwa zaidi siku za mwanzo.

Upasuaji ulianza kwa kubahatisha kwenye mantiki. Mwaka 1936, Alfred Blalock kule Nashville, Marekani, alimtoa uvimbe wa thaimasi msichana mwenye miasthenia kali. Msichana akapata nafuu kubwa. Kwa miaka 80 madaktari wakabishana kama upasuaji unawasaidia pia wasio na uvimbe. Jibu likaja mwaka 2016, kwa jaribio lililohusisha wagonjwa 126 kutoka nchi nyingi: waliotolewa thaimasi walikuwa na nguvu zaidi na walihitaji prednisoloni kidogo zaidi kwa miaka mitatu. Kwa mwenye thaimoma mjadala haupo, uvimbe unatolewa kama unatoleka, na wakati mwingine mionzi au kemikali hufuata. Hata hivyo kingamwili hazifutiki siku ya upasuaji. Zile seli zilizokwishahitimu vibaya bado ziko mtaani, na nafuu inaweza kuchukua miezi au miaka.

Je, mtu mzima haihitaji tena tezi hii? Tuliwahi kuamini hivyo. Mwaka 2023 watafiti wa Boston walilinganisha watu wazima waliotolewa thaimasi na wenzao waliofanyiwa upasuaji wa kifua bila kutolewa. Ndani ya miaka mitano, asilimia 8.1 ya waliotolewa walikuwa wamefariki, dhidi ya asilimia 2.8 ya wenzao, na saratani ziliwapata zaidi. Kwa mwenye uvimbe au miasthenia, faida ya upasuaji bado ina uzito wake. Ila daktari asiing'oe thaimasi nzima kwa sababu tu imekaa njiani. Hata ikiwa imejaa mafuta, shule bado ina darasa moja au mawili.

Ukibaki na mambo matatu tu

La kwanza, udhaifu unaozidi kwa kazi na kupungua kwa mapumziko, hasa wa kope, macho, taya na sauti, si uvivu na si uchawi. Ni dalili, na ina jina. Ukimpeleka mtu hospitali, mpeleke jioni akiwa amechoka, au mpige picha ya simu kope likiwa limeshuka, maana asubuhi daktari anaweza asione kitu.

La pili, mwenye miasthenia atembee na karatasi yenye jina la ugonjwa wake na dawa za kuepuka, aionyeshe kila anapotibiwa, iwe ni zahanati ya kata, duka la dawa au kliniki ya wajawazito. Akianza kupaliwa na chakula, kushindwa kumeza mate au kuhema kwa shida, hiyo ni dharura ya saa ile ile.

La tatu, kila mwenye miasthenia atazamwe kifuani. Kwa wengi hakutakuwa na uvimbe. Kwa wale 10 hadi 15 kati ya 100, kope lililoshuka ndilo litakuwa limewaambia mapema kwamba kuna kitu kinakua nyuma ya kidari, wakati bado kinaweza kutolewa.